Ajira za Kenya zapanda, za Mombasa zashuka: kisa cha kontena zilizopandishwa treni

Ukichukua ripoti ya uchumi ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, kuhusu mwaka 2018 utaona Kenya ilikua inaenda vizuri tu. Ajira mpya zaidi ya laki 8 na elfu 40 nchi nzima, uchumi umekua kwa zaidi ya asilimia 5, na bandari ya Mombasa yenyewe mzigo wazidi kupanda, kutoka tani milioni 30.3 mwaka 2017 hadi tani milioni 34.4 kufika 2019. Sasa miaka hiyohiyo ungepita Changamwe, Miritini, Jomvu mpaka Mariakani ungekuta mageti ya yadi yamefungwa na vijana wamekaa kivulini saa nne ya asubuhi, saa ambayo zamani kila mmoja wao angekua kashalowa jasho. Ripoti haikudanganya na wale vijana pia hawakua wavivu. Vyote viwili vilikua kweli wakati mmoja, na hicho ndo kisa ninachotaka tukiangalie kwa utulivu, manake nikisikia mtu wa serikali akisema ajira zimeongezeka nchini huwa najiuliza zimeongezeka wapi na zimepunguka wapi.

Tuanze na reli. SGR, reli mpya ya kisasa ya Mombasa mpaka Nairobi, ni kilomita 472, iligharimu kama shilingi bilioni 327, pesa nyingi zikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Abiria walianza mwisho wa Mei 2017, treni za mizigo zikaanza Januari 2018. Mkopo ni lazima ulipwe na reli ya abiria peke yake hailipi deni kama hilo, kwa hivo tangu 2014 Mamlaka ya Bandari, yaani KPA, ilikua imeshaingia mkataba na Shirika la Reli kwamba mzigo wa kiwango fulani utapatikana na usipopatikana bandari ndo italipa pengo. Hapo ndo mambo yote yalipoanzia kwa maoni yangu. Ukishaahidi mzigo ni lazima uutafute, na mzigo ulikua mikononi mwa wenye malori. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, ikapanuliwa kutoka uwezo wa kontena 180,000 kwa mwaka hadi 450,000, alafu amri zikaanza kutoka. Ilianza polepole 2018, mwenye mzigo anashangaa kontena lake liko Nairobi wakati alitaka kulichukulia Mombasa. Tarehe 15 Machi 2019 KPA ikatoa agizo, na tarehe 3 Agosti 2019 likaja tangazo zito zaidi la bandari pamoja na KRA, mamlaka ya ushuru, kwamba mzigo wote wa kutoka nje unaoenda Nairobi na bara upandishwe SGR na ushuru wake umalizwe hukohuko Embakasi.

Mtu asiyejua Mombasa anaweza kusema sasa shida iko wapi, kontena limebebwa na treni badala ya lori, kazi ya dereva imepungua basi. Sio hivo kabisa. Kabla ya treni kontena likishuka melini lilikua linapelekwa kwenye yadi za CFS, hizi bandari kavu ndogo za watu binafsi zilizojaa Changamwe, Shimanzi, Jomvu, Miritini na Mikindani. Pale linakaa siku kadhaa. Wakala wa forodha anahangaika na makaratasi, KRA wanakuja kukagua, watu wa KEBS wanaangalia ubora, karani anahesabu, dereva wa foklifti anashusha, makuli wanafungua na kupakua kama mwenye mzigo anataka utolewe ndani, mlinzi analinda, boda anakimbiza stakabadhi toka ofisi hii hadi ile, dukani wanapiga kopi, benki inapokea malipo, bima inaandikwa. Alafu ndo lori linaingia, na lori lina dereva na tanboi, lina fundi wa tairi, fundi wa breki, mtu wa kuchomelea, muuza spea, muuza mafuta. Na kila mmoja wa hao anakula. Kwa hivo pembeni ya kila geti ulikua unamkuta mama na sufuria ya mbaazi na mahamri tangu alfajiri, na saa sita anabadilisha anaweka wali na maharage.

Treni ilifanya nini? Kreni inatoa kontena melini, linapandishwa behewa palepale bandarini, linashukia Embakasi. Hiyo mlolongo yote niliyoitaja imerukwa. Haikupunguzwa, imerukwa. Kazi ya karani, wakala, mkaguzi na foklifti bado iko, ila iko Nairobi, na lori bado liko, ila linatoa mzigo Embakasi linapeleka godauni la Industrial Area ama Athi River, safari ya saa moja.

Nilikua napajua geti moja upande wa Miritini, yadi siitaji. Vibarua walikua wanafika kabla jua halijatoka, wanasimama kwa mafungu, kila fungu lina mkubwa wao ambae ndo anajuana na msimamizi wa ndani. Msimamizi akitoka anaangalia karatasi yake, anasema leo kontena tano za kupakua, mkubwa anataja majina, walioitwa wanaingia na waliobaki wanasubiri mpaka saa nne hivi labda kitaongezeka kitu. Malipo yalikua ya kontena, sio ya siku, mnagawana mkimaliza. Kwa hivo kontena zikiwa tano mnakula vizuri, zikiwa mbili wakubwa wa fungu ndo wanaitwa kwanza, na kijana mgeni anarudi nyumbani mkono mtupu. Hakuna aliyeandikiwa barua ya kufutwa kazi pale. Orodha ilikua inafupika tu wiki baada ya wiki mpaka ikafika siku msimamizi hatoki kabisa. Hii kitu muishike, manake ndo inaeleza kwa nini takwimu hazikuona.

Sasa twende kwenye hesabu. Kaunti ya Mombasa ilichukua wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wachunguze na matokeo yakatoka 2019, kwamba kaunti inapoteza kama shilingi bilioni 17.4 kwa mwaka, asilimia 16.1 ya mapato ya uchumi wake, na ajira 2,987 zimeenda, na wakaonya kwamba amri ikitekelezwa yote zingeweza kufika ajira zaidi ya 8,000. Kuna watu walisema uchunguzi umelipiwa na kaunti kwa hivo unaegemea upande wake. Sawa, ni haki kusema hivo, lakini mimi sijaona hesabu ya serikali kuu ya kuonyesha Mombasa haikuumia.

Chukueni hiyo 2,987 muiweke karibu na hesabu ya nchi. Ukiigawa kwa zile ajira laki 8 na ushee za 2018 haifiki hata nusu ya asilimia moja, yaani mtu wa Nairobi mwenye jedwali mbele yake haoni chochote. Lakini zile laki 8 karibu zote, kama tisa kati ya kumi, ni za jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Ajira rasmi mpya za mwaka mzima nchi nzima zilikua elfu 78 hivi. Ukilinganisha na hizo, zilizopotea Mombasa ni karibu asilimia 4 ya ajira rasmi mpya zote za Kenya, na Mombasa kwa sensa ya 2019 ina watu 1,208,333, kama asilimia 2.5 tu ya Wakenya wote. Najua sio zote 2,987 zilikua rasmi na najua kulinganisha zilizopotea na mpya za mwaka mmoja sio hesabu kamili, nataka tu muone ukubwa wa kitu unavobadilika ukibadilisha unachokipimia.

Alafu kuna swala la nani anahesabiwa hana kazi. Kwenye ripoti za nguvu kazi za KNBS mtu anahesabiwa yuko kazini kama siku saba zilizopita alifanya kazi hata saa moja. Saa moja! Yule kibarua wa Miritini aliyekua anaitwa siku tano kwa wiki na sasa anaitwa siku moja, kitakwimu hakuna kilichobadilika kwake, yuko kazini jana na yuko kazini leo. Mama wa mbaazi aliyekua anamaliza sufuria mbili na sasa nusu sufuria inamlalia, yuko kazini. Dereva aliyeuza simu akaanza kuendesha tuktuk ya mtu kwa hesabu ya jioni, yuko kazini, na pengine ameingia kwenye ile laki 8 kama ajira mpya ya jua kali. Na yule aliyekata tamaa akaacha kutafuta kwa wiki nne, huyo sio asiye na kazi kwa kipimo kile kikali, ametoka kabisa kwenye nguvu kazi. Ndo maana robo ya mwisho ya 2019 kiwango cha taifa cha ukosefu wa ajira kilikua asilimia 4.9, na mtu akisoma hiyo namba Ulaya atafikiri tuko peponi.

Na hapa kuna tofauti ya mikoa ambayo watu hawaizungumzi vya kutosha. Kijana wa Bungoma ama Kisii akipoteza kibarua cha mjini anaweza kurudi kwao, kuna shamba la mzee, atashika jembe, na kwenye dodoso atahesabiwa anafanya kazi ya kilimo hata kama shamba lenyewe ni kipande na wako ndugu sita juu yake. Mombasa ni kisiwa na mitaa iliyokizunguka, shamba hakuna, na wenyeji wengi hata kiwanja wanachokalia hawana hati yake. Ukikosa kazi Mombasa umekosa kweli, huna pa kujificha kitakwimu wala kimaisha. Kwa hivo pigo la ukubwa uleule likianguka kaunti ya wakulima na likianguka Mombasa matokeo yake hayafanani, na wastani wa taifa ambao umejaa wakulima hauwezi kukuonyesha hilo hata siku moja.

Tungepata wapi basi picha ya kaunti? Ripoti za nguvu kazi za robo mwaka zilianza 2019 na zilikua zinatoa picha ya nchi nzima, kwa umri na kwa jinsia, mgawanyo wa kaunti kwa kaunti haukuwemo. Sensa ndo inauliza kila kaya kila kaunti kama watu wanafanya kazi ama wanatafuta, lakini sensa yenyewe ilikua usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, wiki tatu tu baada ya lile tangazo la tarehe 3. Yaani kamera imepiga picha mara moja katikati ya ajali, na picha nyingine ni baada ya miaka kumi. Kuna hesabu za pato la kaunti ambazo KNBS walianza kuzitoa 2019, zikaonyesha Mombasa inachangia kama asilimia 4.7 ya pato la taifa, karibu mara mbili ya sehemu yake ya watu. Inasikika vizuri, ila thamani ya huduma za bandari inaandikwa Mombasa hata kama mkono wa mtu wa Mombasa haukuugusa mzigo wenyewe.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu: reli ilipunguza malori barabarani, barabara ya Mombasa Nairobi imeua watu wengi mno, na lori zito linaharibu lami. Sina ugomvi na treni kama treni. Wengine wakasema kiuchumi ajira hazikupotea, zimehamia Nairobi, kwa hivo kwa nchi ni sifuri kwa sifuri. Hiyo ndo siwezi kuikubali, sababu kazi ilihama na mtu hakuhama. Kuli wa Jomvu ana chumba chake cha elfu mbili tatu kwa mwezi, mke ana kibanda, watoto wako shule ya karibu, mkubwa wa fungu anamjua. Aende Embakasi akapange chumba kwa bei ya Nairobi asubiri geti ambalo mafungu yake yameshajaa na mkubwa wake hamjui? Walioenda ni wachache, wengi wakiwa mawakala na makarani wenye kampuni iliyokua na ofisi Nairobi tayari. Kwa hivo wa chini kabisa ndo alibaki. Kwenye vitabu vya uchumi watu wanafuata kazi, kwenye maisha anaefuata ni yule ambae tayari alikua na kitu.

Na maumivu hayakuishia mpaka wa kaunti ya Mombasa. Mariakani iko Kilifi, Maungu na Voi ziko Taita Taveta, Mtito Andei na Makindu ziko Makueni, zote ni miji iliyokua inaishi kwa lori kusimama. Lori lisiposimama nyumba ya kulala wageni haina mgeni, hoteli haina wa kula, muuza matunda hana haja ya kuamka usiku. Uchunguzi wa kaunti moja hauwezi kuhesabu hao, na wa nchi hauwaoni, kwa hivo wamepotea katikati.

Kwa sababu namba hazikusema, watu ndo walisema. Tangu Septemba 2019 kulikua na maandamano ya kila Jumatatu mjini Mombasa, Black Monday watu waliyaita, madereva, makuli, wenye malori na wanaharakati pamoja, wengine wakakamatwa. Mwanzoni mwa Oktoba waziri wa uchukuzi James Macharia akatangaza agizo limesimamishwa, lakini shughuli za kutoa mzigo hazikurudi Mombasa. Kesi ya kupinga maagizo hayo nayo ikaendelea mahakamani na tarehe 6 Novemba 2020 Mahakama Kuu Mombasa ikasema maagizo yale ni kinyume cha katiba, pamoja na mambo mengine wananchi hawakushirikishwa, ila ikaipa serikali siku 180 za kurekebisha. Mi naona hapo kuna jambo kubwa kuliko reli. Mahakama ilisikiliza kile ambacho takwimu za ajira zilipaswa kukisema mapema, kabla ya wino wa amri kukauka, na hakuna ofisi iliyokua na jukumu la kuuliza kwamba tukitoa hii amri kaunti hii itabaki na kazi ngapi.

Kabla kidonda hakijapona ikaja korona. Aprili 2020 Mombasa ikafungwa, kuingia na kutoka marufuku mpaka Julai, Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake kama Eastleigh ilivofungwa Nairobi. Kiwango cha taifa cha ukosefu wa ajira kikaruka kutoka asilimia 5.2 robo ya kwanza hadi 10.4 robo ya pili, kikashuka 7.2 robo ya tatu na 5.4 mwisho wa mwaka. Kwenye jedwali ni mwaka mmoja mbaya alafu mambo yakarudi. Lakini Mombasa ilikua na miguu miwili, bandari na utalii. Mguu wa bandari ulishakatwa kwa amri, wa utalii ukakatwa na ugonjwa, na mtu aliyekua ametoka yadi akaenda kuosha vyombo hotelini Nyali alifukuzwa mara mbili ndani ya miaka miwili. Kupona kwa taifa kulibebwa na kilimo na jua kali la bara, vitu ambavyo sisi huku hatuna vya kutosha.

Tarehe 13 Septemba 2022, siku anaapishwa, Rais Ruto akatangaza shughuli za kutoa mzigo zirudi Mombasa, na akataja wazi kwamba ni kwa ajili ya kurudisha maelfu ya ajira. Watu walishangilia Changamwe mpaka Likoni na mimi pia nilifurahi sana. Ila kurudisha amri sio kurudisha kazi. Miaka minne ni mingi kwa mtu anaeishi kwa kibarua. Wenye lori moja moja za mkopo benki ilishazichukua, na waliobaki ni wenye lori nyingi. Mafungu ya makuli yalishatawanyika, mkubwa wa fungu niliyemjua pale Miritini alishaenda kwao Kwale kufuga kuku. Na wenye mizigo wakubwa walishazoea Embakasi, wamejenga magodauni yao huko, kwa nini warudi. Treni yenyewe bado inabeba, deni bado lipo.

Sasa kinachozungumzwa ni Dongo Kundu, eneo maalum la kiuchumi upande wa kusini, na ahadi za ajira zimeanza kutajwa tena kwa maelfu. Natamani ziwe kweli kwa moyo wangu wote. Lakini wabunge wetu na kaunti wadai kitu kimoja kabla ya kiwanda cha kwanza kufunguliwa: KNBS ifanye dodoso la ajira Likoni, Mtongwe na Changamwe sasa hivi, mtaa kwa mtaa, na liulize siku ngapi kwa wiki mtu anapata kazi na analipwa kiasi gani, sio tu kama alifanya saa moja. Alafu lirudiwe kila mwaka kwa kaya zilezile, ili safari hii kazi ikija ama ikiondoka tuwe na majina ya mitaa na siku za kazi za kuweka mezani, tusiambiwe tena kwamba nchini ajira zimepanda.